Kabla ya kiapo, mteule ni wa nani?

Kisumu itapata gavana mpya mwaka 2027. Profesa Anyang' Nyong'o anamaliza muhula wa pili na Katiba haimpi wa tatu. Vihiga nako, Dkt. Wilber Ottichilo yuko katika hali iyo hiyo. Wanaomezea mate viti hivyo tunawajua, na kutoka Kondele hadi Mbale watu wanabishana nani atapewa tiketi. Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili: tangu mtu atangazwe mshindi hadi ashike Biblia, anabanwa na sheria gani ya maadili?

Marekani swali hilo lilizuka mwaka 2024. Kundi la Donald Trump lilikataa mkataba na idara ya serikali inayowapa washindi ofisi na fedha za kipindi cha mpito. Kwa mkataba huo, mchangiaji mmoja asingetoa zaidi ya dola 5,000, na majina ya wachangiaji yangewekwa wazi. Mkataba wa pili, ule wa Ikulu, waliutia saini Novemba 26, karibu miezi miwili baada ya makataa. Utetezi wao ulikuwa kwamba hawatumii hela ya mlipa kodi, wanajigharimia.

Hoja hiyo si ya kutupwa. Mkenya aliyechoshwa na gharama za sherehe za serikali angeipigia makofi. Lakini mlipa kodi akikwepa bili leo, huenda akailipa kesho kupitia zabuni, na hatajua ni mkono gani uliotoa mwanzo.

Kwetu, sheria ya mwaka 2019 kuhusu gavana kuingia ofisini inaunda kamati inayoongozwa na katibu wa kaunti kusimamia makabidhiano. Hapo tumewapita Wamarekani, kwa kuwa makabidhiano hayangoji mshindi atie saini mkataba. Pengo liko kwingine. Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, humbana afisa wa serikali, na gavana mteule bado hajawa afisa. Kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa afisa katika hafla rasmi ni mali ya Jamhuri. Fahali anayekabidhiwa mteule kabla ya kiapo ni wake. Fahali mwenyewe hanisumbui, ni heshima ya wazee. Kinachonisumbua ni gari la kifahari linaloletwa usiku na mkandarasi anayeidai kaunti.

Kuna wanaosema kanuni zaidi zitamfunga mtu ambaye hata mshahara hajaanza kupokea. Nawaelewa. Mwaka 2022 magavana wengi waliapishwa Agosti 25, siku 16 tu baada ya kura. Katika siku hizo mshindi anahitaji wanasheria, wahasibu na mahali pa kukaa, na asiye na mfuko mzito atawategemea marafiki. Tena katibu wa kaunti ameteuliwa na gavana anayeondoka. Kama waliuana kisiasa jukwaani, ukimpa nafasi ya kukagua mifuko ya mteule umempa mpinzani rungu. Hofu hiyo ina msingi hasa pale anayeondoka ndiye aliyeshindwa debeni.

Ndiyo maana sitaki mteule akaguliwe na kaunti. Ningetaka siku ya kiapo awasilishe kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, orodha ya kila alichopokea tangu atangazwe mshindi, na aliyekitoa, nayo iwekwe wazi. Hakuna atakayecheleweshwa kuingia ofisini, na katibu wa kaunti hatagusa chochote. Anayeondoka naye aorodheshe malipo na ajira zote za wiki zake za mwisho. Huko ndiko wakandarasi wanakosukumana kwenye foleni, na sioni haki ya kumulika anayeingia peke yake.

Tatizo ni nani atatunga sheria hiyo. Jambo hili linagusa Sura ya Sita na kaunti zote 47, kwa hiyo mzigo ni wa Bunge la Kitaifa pamoja na Seneti. Bunge hilo hilo la Kitaifa lilipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, likaisimamisha uchaguzi wa 2017 usiguswe, kisha mwaka 2021 likazikataa kanuni za tume ya uchaguzi, IEBC, za kuitekeleza. Kura zinakuja Agosti 10, 2027, na baadhi ya wabunge wanaotarajiwa kuziba pengo hili ndio wanaotaka kuwa magavana wateule.