"Kula" au "kura"? Kineno [sic] na maneno ya watu

Nilikuwa Tukuyu nikinakili mihtasari ya zamani ya kijiji kimoja cha Rungwe, daftari linalonuka moshi wa jikoni. Karani kaandika: "Wajumbe watatu walilalamika kuwa wamenyimwa kula." Kalamu ikasita. Walinyimwa kura au ubwabwa wa mkutano? Huku kwetu swali hilo si mzaha. Kinyakyusa hakina r, na wazee wengi wakiandika Kiswahili huandika kama wanavyotamka.

Wengine wangeweka [sic] na kuendelea na safari. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake "hivyo". Hukaa kwenye mabano ya mraba baada ya kosa, kumwambia msomaji: si mimi niliyekosea, ndivyo nilivyolikuta.

Wanasheria ndio watetezi wake wakubwa, na siwalaumu. Fungua hukumu za Mahakama ya Rufani, hata za vikao vya Mbeya na Iringa, utakutana nalo kila mara kumbukumbu za kesi au hati ya mashtaka inaponukuliwa. Ukinyoosha maneno ya shahidi umeshayagusa, na mtu anaweza kufungwa kwa herufi moja. Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, suala hili linatuhusu zaidi: makosa yatakayonukuliwa ni ya Kiswahili chetu wenyewe.

Ila nje ya mahakama kineno hiki kina kiburi. Mkulima anaandika "mbolea ya luzuku haijafika", mwandishi anamnukuu na kumbandika [sic]. Nani hakuelewa? Kilichoongezeka hapo ni kicheko tu. Na mwandishi huyohuyo akimnukuu mheshimiwa aliyejikanyaga jukwaani, humsafishia sentensi kimyakimya.

Tena kosa ni kosa kwa kipimo cha nani? Mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898, Wajerumani walimwandika Quawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, ulipodai Ujerumani irudishe fuvu lake, ukaandika Mkwawa. Fuvu lilirudi 1954 na liko Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Ukiuliza huko utaambiwa jina ni Mkwavinyika, kwa kifupi Mkwava. Sasa [sic] tumwekee Mjerumani peke yake, au na Versailles? Mimi nisingemwekea yeyote. Tahajia za wakati ule zilikuwa za wakati ule, hata Kiswahili sanifu kilipata kamati yake ya kukisimamia mwaka 1930 tu.

Kwa hiyo naliachia kineno hiki nafasi finyu: pale msomaji anapoweza kudhani mnakili ndiye aliyeteleza, na kuteleza huko kunabadili jambo. Hata hapo halitoshi. Kuandika "kula [kura]" kungesaidia zaidi, mradi una hakika, na mimi sikuwa nayo.

Nikarudi kurasa mbili nyuma. Karani yuleyule: "Tulipiga kula kwa kunyoosha mikono." Basi, ilikuwa kura. Nikaiacha "kula" yake ilivyo, nikaeleza kwenye tanbihi. [sic] ingemwambia msomaji kwamba karani alikosea. Isingemwambia wale wajumbe watatu walinyimwa nini.