Umeme hautoki kwenye panga boi peke yake

Nimeudhika, na naandika nikiwa bado nimeudhika. Kwenye maonyesho ya wanafunzi hapa mjini, vijana walileta bawa la plaiwudi lililozamishwa kwenye mfereji wa maji yanayopita. Halizunguki. Linapanda na kushuka huku likigeuza uso, na mwendo huo ndio unaoendesha jenereta yao ndogo. Mkaguzi akasimama, akauliza: "Panga boi liko wapi?" Akajibiwa halipo. Akaenda zake meza ya pili, hata karatasi yao hakuishika.

Wazo hilo halikuokotwa njiani. Watafiti McKinney na DeLaurier waliandika juu yake tangu 1981 kule Canada. Mwaka 2008 watafiti wengine, Kinsey na Dumas, wa Québec hukohuko Canada, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba bawa la umbo la NACA 0015 (umbo sanifu la bawa, pande zake mbili zimelingana) linaweza kuchukua hadi asilimia 34 ya nguvu iliyomo kwenye mkondo. Kikomo cha Betz, ambacho hata panga boi bora kabisa linalosimama wazi kwenye mkondo halikivuki, ni asilimia 59.3. Kwa kitu kinachopigapiga tu, hiyo 34 si haba hata kidogo.

Na bado kuna nafasi ya kupanda, kwa sababu ya umbo. Hapo ndipo vijana wale walipostahili kusikilizwa. Bawa hili huinamishwa mno, kwenye hesabu za Québec hufika nyuzi 76 hivi, mpaka maji yanashindwa kuufuata mgongo wake. Yanajikunja puani, yaani kwenye ukingo wa mbele wa bawa, na kufanya kisulisuli. Kwa ndege hiyo ni hatari. Hapa ni mtaji. Kisulisuli kinalivuta bawa kwenda linakotaka kwenda, na kikifika mkiani, ukingo wa nyuma, bawa linapogeuka, kinasaidia kuligeuza. Kikiwahi au kikichelewa, kinakula nguvu ileile kiliyoileta. Unene wa pua na umbo la mkia vina sauti kubwa katika saa hiyo.

Chukueni mkia. Mwaka 1971 Dan Gurney, dereva wa magari ya mashindano wa Marekani, alibandika ukingo mwembamba uliosimama wima mwishoni mwa bawa la nyuma la gari. Kwa kawaida ukingo wa namna hiyo ni asilimia 1 au 2 ya upana wa bawa, kutoka pua hadi mkia: bawa la sentimeta 30 linataka milimita 3 hadi 6 tu. Msukumo unaongezeka, ukinzani unapanda kidogo tu. Ila bawa linalopigapiga hubadili upande wa kazi kila nusu ya mzunguko, hivyo ukingo lazima utokeze juu na chini, mkia uwe kama herufi T. Vijana walikuwa wameshalifikiria hilo! Vipande viwili vya alumini, vimefungwa kwa ribiti, vichwa vimepigwa msasa ili visisumbue maji. Wengine duniani wanajaribu mkia laini unaojipinda wenyewe, au vinundu puani kama vya pezi la nyangumi.

Haya, nakubali shingo upande: mapanga makubwa ya upepo bado yanalishinda bawa hili, na viungo vyake vinachakaa. Stingray, mtambo wa Uingereza wa bawa la namna hii, kilowati 150, ulizamishwa kwenye visiwa vya Shetland mwaka 2002, kisha mradi ukasimamishwa. Lakini panga la kuzunguka ukitaka kulikuza, linadai kina. Bawa unalirefusha kwa upande, hata kama maji hayana kina kirefu. Kwa pwani yetu hilo si jambo dogo. Anayevuka na pantoni Magogoni, Dar es Salaam, siku za bamvua anauona mkondo unavyoingia kuelekea Kurasini, kisha unavyorudi baharini. Na bawa lisilo na msokoto linachongeka kwa mikono ya mafundi wa boti tulionao.

Kwa hiyo wenye karakana na mifereji ya majaribio, waiteni vijana hawa. Wapime bawa bila ukingo, kisha ukingo wa milimita 3, kisha wa 6, mkondo uleule, kasi ya kupiga ileile, halafu warudie yote kwa kasi nyingine ya kupiga, maana ukingo ukibadilika na saa ya kisulisuli hubadilika. Wati zisomwe mbele ya mkaguzi yule yule.