Kufuata Kibendera Mpaka Pilatus

Hivi nani aliwaambia Waswisi kwamba binadamu anaweza kukutana na mwenzake saa moja na dakika 52 asubuhi? Kwetu ipo saa mbili kasorobo, ipo saa mbili kamili, na katikati yake lipo neno moja la amani: "nakuja." Lakini kwenye karatasi ya ziara ya siku moja, Zurich kwenda mlima Pilatus na Ziwa Lucerne, wameandika 07:52, na wanamaanisha. Ukichelewa, utaona mgongo wa basi. Halafu wewe uliyezoea saa za Kiswahili una kazi ya ziada ya kutoa sita kila ukisoma ratiba. Kule juu ukiambiwa mkutane 14:10, hiyo ni saa nane na dakika kumi mchana. Usije ukaenda kutafuta watu saa mbili usiku, utakuta ndege na baridi.

Nenda stesheni yoyote ya treni pale uiangalie saa yao, ile nyeupe yenye mshale mwekundu wa sekunde. Aliibuni mhandisi Hans Hilfiker mwaka 1944, na mshale mwekundu ukaongezwa miaka kadhaa baadaye. Unazunguka kwa sekunde 58 na nusu hivi, kisha unasimama pale juu kabisa, unangoja ishara ya umeme kutoka saa kuu, ndipo dakika iruke. Nchi nzima, kinachoruhusiwa kungoja ni huo mshale peke yake.

Na usimgombeze dereva. Sheria inamtaka apumzike dakika 45 akishaendesha saa nne na nusu, na kuna kifaa kwenye basi kinachorekodi kila dakika aliyokuwa barabarani. Ukimchelewesha robo saa kwa ajili ya picha, hiyo robo inakatwa kwako jioni, tena inakatwa pale penye ziwa.

Sasa tuhesabu siku yenyewe, maana tangazo linasema "siku nzima mlimani" na mtu anajiona kabisa amekaa huko toka asubuhi. Kutoka Zurich hadi Lucerne kwa basi ni kama saa moja. Hapo mnapewa "muda huru", mara nyingi saa moja, na kwa bahati ya ajabu sana basi linawashusha Schwanenplatz, mbele ya maduka ya saa. Bei za hizo saa zimeandikwa kwa tarakimu ndogo, nadhani kwa huruma. Toa robo saa ya foleni ya choo. Toa dakika kumi za kumsubiri mama aliyeingia kuuliza bei tu. Kilichobaki kinatosha Daraja la Kapellbrücke, na linatosha hasa: ni daraja la mbao la karne ya 14, liliungua usiku wa Agosti 1993, likafunguliwa tena mwaka uliofuata. Ukipita inua macho juu. Kwenye pembetatu za paa kuna picha za kuchorwa za kale, na nyingine ziliteketea, kwa hiyo utaona nafasi zilizobaki wazi. Watu wengi hupita wakitazama simu. Yule simba wa mawe wa 1821, aliyechongwa kuwakumbuka walinzi wa Kiswisi waliouawa Paris mwaka 1792, yuko mwendo wa dakika kumi na zaidi kwa miguu. Kwenda na kurudi, muda huru umekwisha na kibendera cha kiongozi wa ziara kinapepea.

Kinachoniudhi kuliko saa ni wingu. Ziara unainunua wiki mbili kabla, na wingu halikushirikishwa kwenye mauzo. Siku ikifika mlima umejifunika gubigubi, na karatasi yako inasema safari inafanyika katika hali yoyote ya hewa. Utapandishwa hadi juu, utaoneshwa ukungu, na mwenye kibendera atanyoosha kidole kwenye weupe akisema, "Kule ni mlima Eiger." Haya.

Dawa ipo, na ni bure. Kileleni Pilatus kuna kamera zinazorusha picha kwenye intaneti toka alfajiri. Zifungue kabla ya kulipa, asubuhi hiyo hiyo. Na hapa wageni hukosea kwa kuangalia dirishani badala ya kamera. Kuanzia Oktoba hadi Februari, Lucerne inaweza kuwa imezama kwenye ukungu mzito, watu wamenuna, na wakati huo huo kilele kinaota jua. Hewa baridi ni nzito, inatuama kwenye bonde la ziwa na ukungu wake, na juu yake hewa ni kavu na safi. Siku hiyo kimbia ukapande mlima, utaliona bahari la mawingu chini ya miguu. Kiangazi mambo hugeuka: asubuhi ni kweupe, na ifikapo mchana mawingu huanza kujikusanya kwenye miamba, pengine na radi. Ndiyo maana kundi linalofika kileleni saa nane mchana mwezi Julai limenunua nusu ya mlima kwa bei ya mzima.

Treni ya kupanda mlima, hata hivyo, siwezi kuilalamikia. Nimejaribu kutafuta kasoro, sina. Kutoka Alpnachstad ufukweni, mita 436 kutoka usawa wa bahari, inapanda mpaka Pilatus Kulm, mita 2,073, kwa njia ya kilomita 4.6 tu. Ilifunguliwa mwaka 1889, na mpaka leo ndiyo treni ya meno yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani: asilimia 48. Maana yake kila ukisogea mita 100 za mlalo, umepanda 48. Treni nyingine za meno, kama ile ya mlima Rigi ya mwaka 1871 ng'ambo ya ziwa, gurudumu lake la meno husimama wima na kung'ata reli ya katikati kwa juu. Kwenye mwinuko wa Pilatus gurudumu la namna hiyo lingeweza kupanda juu ya meno na kuachia, na hapo tungezungumza habari nyingine. Mhandisi Eduard Locher akayalaza magurudumu: mawili mawili, moja kushoto, moja kulia, yanaibana reli ya katikati kwa ubavu kama koleo lilivyobana kaa la moto. Haliachii juu, haliachii pembeni. Ukiwa stesheni ya chini inama uichungulie hiyo reli, utaona meno yamechongwa pande zote mbili. Mwenye kibendera hatakuonesha, yeye anahesabu vichwa.

Ndani ya behewa sakafu ni ya ngazi, na ukishakaa umekaa, hakuna kuhamahama. Ziwa liko nyuma na chini wakati wa kupanda, hivyo tafuta viti vya upande wa chini, utazame ulikotoka. Safari ni nusu saa hivi. Kushuka huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu mwendo hupunguzwa ili breki zisichoke. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna bazoka. Sehemu kali zaidi inakuja karibu na juu, treni ikiwa imejibandika kwenye ukuta wa mwamba wa Esel, na hapo ndipo mazungumzo hukatika behewa zima, kila mtu anakumbuka kusali kwa lugha ya kwao. Ila jua hili: treni hii hulala majira ya baridi. Kwa kawaida hutembea kuanzia Mei hadi Novemba, theluji ikiruhusu. Anayekuuzia "treni ya meno" mwezi Januari, muulize vizuri. Utapanda na kushuka kwa vibanda vya kebo, vinavyoning'inia kwenye waya, vya upande wa Kriens.

Sasa nije kwenye jambo litakalowachekesha watu wa Limuru. Kilele cha juu kabisa cha Pilatus, Tomlishorn, ni mita 2,128. Lango la Marangu, pale mtu anapojiandikisha kabla hata hajaanza kuupanda Kilimanjaro, ni mita 1,879. Na Limuru watu wanachuma chai na kusubiri matatu kwenye mwinuko usiopungua huo wa Pilatus. Kwa hiyo Mkenya akitozwa zaidi ya faranga 70 kwenda na kurudi apelekwe kwenye mwinuko wa nyumbani kwa shangazi, ana haki ya kuguna. Asichodharau ni baridi. Limuru iko karibu na ikweta, Pilatus iko nyuzi 47 kaskazini. Ukipanda mita 1,600 joto hupungua kama nyuzi kumi, kisha uongeze upepo. Lucerne kuna nyuzi 25, watu wanakula aiskrimu, juu unatetemeka. Vaa fulana, sweta, na koti la kuzuia upepo, na viatu vyenye soli ya kushika, kwa sababu theluji hubaki kwenye vivuli mpaka kiangazi kinapokaribia. Koti zuri lipo Karume au Gikomba. Pengine lilitoka hukohuko Ulaya kwenye belo, sasa unalirudisha likasalimie.

Kuhusu chakula, watu wa pwani na ndugu zetu wa Muscat wasikilize kwa makini. Ile jibini ya kuyeyusha, fondue, inapikwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya cheri. Soseji maarufu ya cervelat ina nguruwe ndani. Viazi vya kukwangua na kukaanga, rösti, ni vitamu na havina hatia, lakini hupenda kuletwa na vipande vya nguruwe juu, kwa hiyo sema mapema "ohne Speck", yaani bila nyama ya nguruwe. Na kuna kitu kinaitwa Älplermagronen: makaroni yaliyochanganywa na viazi, jibini na vitunguu, pembeni unapewa matofaa yaliyopondwa yenye sukari. Tambi na viazi sahani moja, halafu na tofaa! Basi nunua mkate, matunda na jibini kwenye supamaketi ya stesheni kabla ya kuondoka. Jumapili maduka mengi ya mjini hufungwa, ya stesheni kubwa hubaki wazi. Maji usinunue. Mabomba ya mitaani Lucerne yanatoa maji ya kunywa, jaza chupa. Penye kibao cha "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa, pekee ndipo upite.

Ukila nje kileleni, jihadhari na wale ndege weusi wenye midomo ya njano na miguu myekundu. Wanatembea kwenye ukuta wa baraza kwa ustaarabu kabisa, mmoja anakutazama usoni, wa pili anachukua mkate.

Jina la mlima limezaa hadithi ambayo haitamshangaza mzee yeyote anayejua habari za mizimu. Ilisemwa kwamba maiti ya Pontio Pilato ilitupwa kwenye kiziwa cha mlima huo, na ukimchokoza kwa kurusha jiwe analeta dhoruba. Wakuu wa Lucerne wakapiga marufuku kuupanda; mwaka 1387 mapadri sita waliokaidi walifungwa. Mwanazuoni Conrad Gessner alipopanda mwaka 1555 ilibidi apate kibali kwanza. Siku hizi kibali ni kadi ya benki.

Tena afadhali uende mwenyewe, usipate taabu ya kibendera. Kutoka Zurich treni hufika Lucerne kwa chini ya saa moja. Kikundi kinapenda kuanza na meli hadi Alpnachstad. Kosa lake ni kwamba meli ikifunga gatini, wote mnakimbilia dirisha moja la treni ya meno, na nyuma yenu kuna mabasi. Geuza. Panda basi namba 1 mbele ya stesheni ya Lucerne hadi Kriens, tembea kidogo mpaka kwenye vibanda vya kebo. Hivyo havina foleni ndefu asubuhi, vinazunguka bila kusimama, na nusu saa baadaye uko Fräkmüntegg, kituo cha katikati ya mlima. Hapo unahamia kebo kubwa, dakika chache uko juu. Upepo ukizidi hiyo kubwa husimamishwa, kwa hiyo soma tangazo lao asubuhi. Kaa juu mpaka uchoke, panda ngazi za kilele cha Esel, ni dakika kumi. Kisha shuka na treni ya meno hadi Alpnachstad, umalizie na meli. Ukibahatika ni Unterwalden, moja ya zile tano za mvuke za ziwa hili zenye magurudumu ya pembeni; kongwe kati yake, Uri, ni ya mwaka 1901. Simama katikati, mashine inaonekana ikifanya kazi. Meli ya mwisho ikikuacha, treni ya kawaida iko hapohapo na inafika Lucerne kwa dakika 20 hivi.

Mwenye Swiss Travel Pass, ile pasi ya usafiri ya watalii, halipi meli, basi wala treni za kawaida, na Pilatus hulipa nusu. Lakini Rigi, mita 1,798, kwa pasi hiyo ni bure kabisa. Watoto chini ya miaka 16 husafiri bure na mzazi mwenye pasi, ukiomba kadi yao ya familia. Na wenye laini za simu za Ubelgiji au Ujerumani, Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya: bando lako linaweza kuliwa lote kabla hujatuma picha ya kwanza, hivyo zima data mpakani.

Mwisho, weka sarafu mfukoni. Vyoo vya stesheni kubwa mara nyingi ni vya kulipia, faranga moja au mbili, bila kujali umebanwa kiasi gani. Vya ndani ya treni ni bure. Angalia ubao, hesabu dakika, jikaze.