Vioo vya Ubuyu

Kamati za sendoff zinaweza kukata bajeti ya kila kitu isipokuwa vinywaji. Kamati ya binamu yangu ilipofika kwenye mapambo, mweka hazina akatangaza kwamba yale majani ya kioo ya kuning'iniza juu ya meza kuu, tuliyoyaona Kariakoo, tuyasahau. Ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikanyoosha mkono: "Nitayatengeneza."

Sikuwa nabahatisha. Wifi yangu alikuwa ameniletea kutoka Ujerumani pakiti za udongo wa polima, ule unaopitisha mwanga. Tunauita udongo, lakini hauna hata chembe ya mfinyanzi: ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na vilainishi. Hata uuanike juani mchana kutwa, ugumu wake unapatikana kwenye oveni tu. Unautia tone la wino wa spiriti, unausukuma uwe mwembamba kama milimita moja, unauoka nusu saa kwa nyuzijoto 130, kisha ungali wa moto unauchovya kwenye maji ya barafu. Hapo unazidi kuwa angavu. Hiyo barafu muikumbuke.

Kazi ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia kiburi. Nilisukuma udongo kwa chupa ya soda, nikakandamiza juu yake majani mabichi ya mpera. Ukilibandua jani unakuta kila mshipa umejichora, hadi ile midogo ya pembeni. Oveni yangu haina namba, ina picha ya kuku na picha ya keki, kwa hiyo nikaazima kipimajoto kwa jirani muuza keki. Udongo ule ukiungua hutoa moshi wenye asidi unaokaba koo, na kwa kukabwa koo mwenye nyumba wangu ananitosha.

Tatizo likawa friza. Imejaa kuku wa kamati, hata kijisahani cha barafu hakina pa kukaa. Nikamwita mtoto wa kaka yangu, nikampa elfu moja.

"Kimbia ukaninunulie barafu. Zote uzitie kwenye beseni, uongeze maji."

"Zote, shangazi?"

"Zote!"

"Hata mimi nisichukue moja?"

Nikajisemea, mtoto huyu kalelewa, anaomba ruhusa ya kula barafu tupu. "Haya, chukua moja."

Aliporudi tu, LUKU ikakata. Bahati nzuri nusu saa ilikuwa imetimia. Giza totoro, simu nimeing'ata mdomoni tochi ikiwaka, natoa trei ya moto na kutumbukiza jani moja moja kwenye beseni la kufulia, ambalo kwa mipango ya Mungu ni jekundu. Nikasikia harufu ya ubuyu. Nikageuza tochi: mtoto kasimama mlangoni, mdomo mwekundu, anafyonza kimfuko chake. Alaa, kumbe harufu inatoka kwake! Upelelezi wangu ukaishia hapo, maana bodaboda wa kamati alikuwa anapiga honi getini. Nikayapangusa majani kwa kanga, nikayatia kwenye boksi.

Ukumbini, chini ya taa, yakaonekana ya waridi, yenye ukungu, na kwenye mishipa kuna ungaunga mwekundu umeganda. Mwenyekiti wa kamati akasema yana mwonekano wa kizamani. Nikamjibu kwamba huo ndio mtindo wenyewe.

Sisimizi hawakuhitaji maelezo. Walipanda nguzo, wakafuata waya, na MC alipokuwa anamtambulisha mjomba wa bwana harusi, msafara ulikuwa umeshateremkia kwenye kola ya mjomba. Alijikaza, mzee wa watu. Alipunga mkono, akainama kidogo, halafu mabega yakaanza kumcheza yenyewe. Ukumbi ukalipuka vigelegele. DJ akamwongezea sauti.

Shangazi yangu ndiye aliyegundua. Alichuma jani moja, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"We mtoto, hiki kioo umekitia sukari?"

Chini ya meza kulikuwa na watoto, na masikio ya watoto mnayajua. Kabla keki haijakatwa walikuwa wameangua majani yote, kila mtu na lake, wanalamba mbele na nyuma, wengine wanabadilishana. Mama zao wanawanyang'anya, mimi niko nyuma ya spika. Kelele zilipotulia nikayakusanya, nikayasafisha kwa maji na sabuni kule jikoni, nikayarudisha kwenye waya.

Yaling'aa! Ukungu wote umekwisha, mwanga unapita, mishipa ya mpera inaonekana kama imechongwa. Mama wa bwana harusi akanifuata mwenyewe, akanishika mkono.

"Mwanangu, vioo vizuri hivi mmevitoa wapi? Na sisi tunavitaka Jumamosi."

Sijafungua mdomo, mweka hazina wetu ameshafika.

"Vyenu bure kabisa, mama. Nyie mtutengee tu meza mbili za watoto."