Bahasha ya Eksrei Chini ya Godoro

Shangazi yangu alimeza dawa za TB miezi 6 bila kuruka hata siku moja. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, viungo vikamuuma, na bado alipanda matatu kutoka Umoja kwenda kuchukua dozi. Makohozi yalikuwa yamepimwa mara mbili kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, hayakuonyesha kitu. Alipomaliza dawa, kikohozi kilikuwa palepale. Jicho la kushoto likawa jekundu, halistahimili mwanga wa jua. Kliniki ya macho ikampa matone. Vinundu vyenye maumivu vilivyomtoka kwenye miundi akaambiwa ni mbu.

Mtu wa kwanza kuunganisha haya alikuwa daktari wa kusoma picha, baada ya CT skani.

"Mama, huna eksrei ya zamani?"

"Ninayo nyumbani, daktari. Iko chini ya godoro."

Nikatumwa mimi. Bahasha ya kaki, doa la chai, kona moja imekunjika. Daktari akatundika eksrei mbili kwenye taa, miezi 8 kati yake. Tezi zilizo katikati ya kifua, pale mishipa inapoingia mapafuni, zilikuwa zimevimba kulia na kushoto kwa ulinganifu, na nyingine kando ya koo la hewa upande wa kulia. Hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Tezi za TB, alitueleza, mara nyingi huvimba upande mmoja, na kwenye CT katikati yake huwa peusi kwa sababu pameoza. Hizi hazikuwa hivyo. Akataja sarkoidosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hujenga vinundu vidogo kwenye mapafu, macho, ngozi, ini, hata moyo. Picha peke yake haikutosha, maana saratani ya tezi nayo huweza kufanana hivyo. Biopsi, yaani kukata kipande kidogo na kukichunguza kwa darubini, ndiyo iliyothibitisha.

Siwalaumu walioanza na TB. Nairobi hii, ukikohoa na kukonda, TB ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na ni sawa: ukimpa mgonjwa wa TB predinisoloni peke yake, dawa ya sarkoidosisi inayotuliza kinga ya mwili, unaweza kuuchochea ugonjwa. Hasira yangu iko kwenye fomu ya kuombea picha. Niliiona. Imeandikwa "kikohozi, ?TB", basi. Jicho halimo, miguu haimo, wala kwamba dawa zilishamezwa. Tangu 1961, daktari Mwingereza Scadding alipopanga hatua za ugonjwa huu kwa eksrei ya kifua tu, madaktari bado wanazitumia. Lakini anayeisoma atajuaje atafute nini, ikiwa jicho liko kwenye kadi ya kliniki moja na ngozi kwenye ya nyingine?

(Siku hizi wanakupa picha kwenye sidii. Kompyuta ya kliniki ya pili haina hata pa kuiingiza.)

Shangazi ana miadi ya kupimwa moyo Alhamisi. Bahasha ameshaiweka kwenye mkoba wa kanisani, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu: jicho, miguu, dawa za TB miezi 6.