Akili Mnemba Ifundishwe kwa Sauti za Feri

Hivi karibuni niliombwa kupitia kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari katika chuo kikuu kimoja binafsi hapa Dar es Salaam. Alikuwa amedamka kwenda Soko la Samaki Feri, akamrekodi mvuvi, kisha akaipa programu ya akili mnemba ile sauti iiandike na kuifasiri kwa Kiingereza. Mvuvi alisema, "Bahari imechafuka tangu saa nane usiku." Tafsiri ikadai kwamba bahari ilikuwa imejaa taka tangu saa mbili usiku. Habari ya mawimbi ikageuka kuwa habari ya uchafuzi wa mazingira, tena ikarudishwa nyuma saa sita nzima.

Kijana huyo si mvivu. Hakuna aliyemfundisha kurudi kwenye sauti na kuisikiliza upya. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na wanafunzi waliizoea mapema kuliko mitaala yao, ambayo kila badiliko kubwa hulazimika kupita Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Vyuo binafsi, kwa kuwa vinategemea ada, vina kishawishi cha kubuni somo jipya lenye jina la kuvutia waombaji. Naamini njia hiyo ni ya makosa. Akili mnemba inapaswa kuingia ndani ya masomo yaliyopo ya kuripoti, kuhariri na sheria, ili mwanafunzi awasilishe rekodi ghafi, andiko la mashine na andiko lake mwenyewe, kisha apewe alama kwa makosa aliyoyabaini na namna alivyoyathibitisha. Katika somo la sheria, aulizwe kama mvuvi aliridhia sauti yake ipelekwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, kwa sababu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoa habari ana haki zake hata akiwa sokoni.

Fedha zitumike kwanza kuwanoa wahadhiri, maana mhadhiri ambaye hajawahi kuona mashine ikikosea Kiswahili hawezi kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kutilia shaka; studio mpya zinaweza kusubiri.

Tulipoisikiliza rekodi ile pamoja, kijana alinyamaza kwa muda, akakifuta kichwa cha habari, kisha akampigia mvuvi simu kumuuliza kama vyombo vyote vilikuwa vimerudi salama.