Ukimya wa Mfungwa Usihesabiwe Kwamba Ameacha Kesi

Kanuni ya 65 ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha, inawaruhusu majaji kulifuta shauri kwenye orodha pale mwombaji anaposhindwa kulifuatilia ndani ya muda aliopewa. Kwa mtu mwenye wakili, simu na barua pepe, sina ugomvi na kanuni hiyo. Mahakama haiwezi kutunza milele majalada ya watu wasioitaka tena kesi, wala si haki serikali iendelee kujibu madai ambayo mwenyewe ameyaacha. Ninachopinga ni jinsi kanuni hii inavyomwangukia mtu aliye gerezani.

Tanzania ndiyo nchi iliyoshtakiwa mara nyingi kuliko nyingine zote katika mahakama ile, na wengi wa walioishtaki ni wafungwa. Ni watu wa magereza ya Butimba, Uyui na kwingineko, wanaotumikia miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha au waliohukumiwa kunyongwa. Wengi hawakuwa na wakili walipofungua maombi yao. Tena malalamiko yenyewe mara nyingi yalikuwa hayo hayo, kwamba walihukumiwa bila wakili. Novemba 2015 Mahakama iliamua, katika kesi ya mmoja wao dhidi ya Tanzania, kwamba mtu anayekabiliwa na kifungo kizito namna ile alistahili kupewa wakili wa bure hata kama hakuomba. Kunyamaza kwake mbele ya hakimu hakukuchukuliwa kwamba ameridhika.

Hukumu hiyo ninaiheshimu sana, na ndiyo sababu naona majaji wanapaswa kujipima kwa kipimo hicho hicho. Kama ukimya wa mshtakiwa kizimbani si ridhaa, ukimya wa mfungwa asiyejibu barua unakuwaje ushahidi kwamba ameacha kesi?

Tazama barua yenyewe inavyosafiri. Mfungwa hapokei barua moja kwa moja, inapitia kwa uongozi wa gereza. Huenda ameshahamishwa. Huenda ametoka kwa msamaha wa Rais na kurudi kijijini kusiko na sanduku la posta, huku barua za Mahakama zikiendelea kwenda gerezani. Na hata ikimfikia, anatakiwa alete nakala ya hukumu au mwenendo wa kesi kutoka masjala ya mahakama ya mbali, wakati ndugu wa kumfuatilia hana nauli au alishachoka miaka mingi iliyopita. Juu ya yote, anayemkabidhi barua ni mtumishi wa serikali ile ile anayoishtaki. Sisemi kwamba maofisa wa magereza wanaficha barua. Nasema tu kwamba mwombaji asibebeshwe lawama ya njia ambayo hana mamlaka nayo hata kidogo.

Kwa Mtanzania, kufutiwa shauri leo kuna uzito wa pekee. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja, na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yanaendelea, mapya hayapokelewi. Kwa hiyo aliyefutiwa hawezi kuanza upya. Ni kweli kanuni hiyo hiyo inaruhusu shauri lirejeshwe kwenye orodha kukiwa na sababu, lakini asiyejua kwamba limefutwa ataomba lirejeshwe vipi?

Kabla ya kufuta, Mahakama ingedai uthibitisho kwamba mwombaji alipata barua mkononi mwake, kwa sahihi au dole gumba, na kwamba barua iliandikwa kwa Kiswahili anachokielewa. Asipopatikana, Magereza waeleze kwa maandishi alipo: kahamishwa wapi, katoka lini, kafariki au la. Anayetaka kuacha aseme mwenyewe. Na Mahakama, ambayo ina mpango wake wa msaada wa kisheria, impangie wakili wa kwenda kumwona kabla majaji hawajakaa kuamua. Mashauri ya Watanzania yaliyobaki hayaongezeki tena. Kumtafuta kila mwombaji, gereza kwa gereza, ni kazi inayowezekana.